Kiti cha Dereva

Foronya ndiyo iliyoanza. Yasmini aliivua asubuhi akaifue, akaona pale kichwa cha mumewe kilipolala pana duara jeusi. Akaligusa. Likavutika kidoleni kama ute wa bamia. Akanusa. Oili. Ile oili chafu ya malori, iliyokwisha kuungua. Na nyumba yenyewe, pale Nambambo, haikuwa na gari wala pikipiki. Ilikuwa na baiskeli isiyo na breki na mbuzi wawili.

"Umelala na nani, Harithi?" akamuuliza mumewe. "Na trekta?"

Harithi akacheka. Fizi zake zilikuwa nyeusi.

Huyu Harithi hakuwa mtu mbaya. Mlevi hakuwa, mvivu hakuwa. Shamba lake la mikorosho kule Marambo lilikuwa safi kuliko ya jirani zake wote. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: muvi za magari. Si magari haya yanayokwama kwenye tope mkateremka wote kusukuma. Magari ya mwaka elfu tatu huko, yanaruka ghorofa hadi ghorofa kama panzi, yanatoka moto matakoni, tairi zinageuka misumeno, na dereva mwenye mkono wa chuma bado anapata nafasi ya kumbusu mwanamke katikati ya kona. Upuuzi mtupu. Lakini ungemwona Harithi anavyoutazama upuuzi huo! Mdomo wazi, gari likikata kushoto naye analala kushoto, likikata kulia anamlalia jirani yake, mguu wa kulia unakanyaga udongo kama kuna mafuta mle chini. Ungemwonea wivu. Watu wazima wangapi wanapata raha ya namna ile bila kumdhuru mtu?

Muvi alizitazama kwa Bernardo, kwenye banda la video karibu na soko la Nachingwea. Mle ndani hamna dirisha. Kuna jasho la wanaume, maganda ya karanga, makapi ya miwa yaliyotemwa, na soksi za mtu ambaye hakupatikana kamwe. Bernardo mwenyewe ndiye dijei: anakaa mbele na maiki, anawatafsiria watu Kiingereza asichokijua. Anatunga tu. Nguzo za banda alizichomea kwa vyuma chakavu, mabaki ya matrekta ya wale Wazungu wa karanga waliokuja zamani kung'oa msitu, wakashindwa, wakaenda zao wakatuachia kutu. Wanasema jini huogopa chuma. Labda jini la pwani. Hili la kwetu lilikaa kwenye chuma kama kutu yenyewe.

Katika muvi iliyopendwa kuliko zote kulikuwa na gari jeusi linalokwenda bila mtu. Kila lilipotokea, Bernardo alipaza sauti: "Kiti kiko wazi! Nani anapanda?" Na banda zima: "Panda weweee!"

Mchana mmoja picha ikaganda. Gari jeusi likasimama hewani, moto wake umetulia. Watu wakapiga miluzi. Ndipo spika ikasema, kwa sauti nzito, ya chini, isiyo na haraka:

"Sina kiti. Nipande wapi?"

Wakacheka wote, wakijua ni Bernardo na vituko vyake. Harithi, kwa raha aliyokuwa nayo, akajipiga kifua paa!

"Kiti hiki hapa! Panda!"

Sasa, mtoto yeyote wa huku anajua kiti ni nini. Mtu anayepandwa na jini ndiye kiti chake. Harithi alilijua neno hilo tangu ananyonya. Lakini yeye wakati ule alikuwa mwaka elfu tatu, na huko nani anakumbuka maneno ya bibi yake? Alirudi nyumbani akiimba, akalala. Asubuhi ndipo foronya.

Yaliyofuata ni ya kutapisha, asiye na tumbo gumu aishie hapa.

Kwanza aliacha kula. Ugali na kisamvu akausukuma mbali. "Hauna moto huu," akasema. Mama yake, Mwantumu, aliyekuwa akiishi nao na ambaye ulimi wake ulijulikana Nambambo nzima, akamwambia, "Moto utaukuta kaburini. Kula." Hakula. Alasiri Mwantumu akamfuata, akamkuta nyuma ya gereji karibu na stendi, amechuchumaa mbele ya beseni la oili chafu, anakunywa kwa viganja, haraka haraka kama ndama, funda jeusi linashuka kooni linaonekana. Alipomaliza alijipangusa mdomo kwa mkono, kisha akaulamba mkono.

Mkojo wake nyuma ya choo ulimeta rangi rangi, kijani na zambarau, kuku wakaacha kuparua upande ule. Jasho lake lilinata. Shuka lilimganda mgongoni, Yasmini akawa analibandua taratibu kama plasta, na chini yake ngozi ilikuwa na harufu ya mpira ulioungua. Akijinyoosha kupumzika mchana, tumbo lilinguruma kama lori la gia namba moja kwenye mlima, kitanda kikatetemeka, vikombe vikagongana kabatini, na mguu wa kulia ukawa unakanyaga, unaachia, unakanyaga.

"Mama," Yasmini alinong'ona jikoni, "usiku namsikia anabadilisha gia kwa meno."

"Shh. Usimtaje."

"Nimtaje nani? Mume wangu?"

"Yule si mumeo. Mumeo yumo ndani, amebanwa."

Bernardo alikuja siku ya soko, kofia mkononi. Hakutaka kukaa. Alisimama mlangoni akitazama kama Harithi yupo karibu.

"Mama, nisamehe. Siku ile, ile sauti. Sikuwa mimi."

"Sauti ipi?" Mwantumu akauliza.

"Iliyoomba kiti. Mdomo wangu ulikuwa umejaa muhogo. Maiki ilikuwa juu ya meza, nimeizima. Na Harithi akaiitikia."

"Akaiitikia nini?"

Bernardo akasema. Yasmini akashika ukuta.

"Na wewe ukakaa kimya mpaka leo," Mwantumu akasema polepole. "Fisi we. Ukaendelea kutafuna muhogo wako."

"Nilidhani spika imekufa, mama."

"Ingekufa ingesema? Toka."

Kabla hajatoka, walisikia chumbani kitu kama pumzi ndefu ya breki za upepo. Kisha dirisha. Walipokimbilia nje Harithi alikuwa keshafika barabarani, shati limejaa upepo, anakimbia katikati ya njia kuelekea Ruangwa, mikono imeshika usukani usiokuwepo, na kwenye kona ya kwanza aliulaza mwili mpaka sikio likakaribia kugusa lami, wala hakuanguka.

Hawakumpata. Mtu gani anamkimbiza gari?

Kesho yake asubuhi ndipo alipokuja Amri, dereva wa bodaboda wa stendi, baba wa mapacha wachanga, mtu wa maneno mengi na moyo mweupe. "Mama Harithi, nimemwona. Ameanguka karibu na kuingia Ruangwa. Wamempeleka kwa yule mama mganga, Gaudensia. Pandeni wote wawili nyuma yangu, mishikaki, nitawafikisha." Njia nzima aliwapigia hadithi za wanawe, yupi anafanana na mama na yupi anafanana na mbuzi, ili tu wasilie. Walipofika akawaambia, "Nawasubiri hapa nje. Mtarudi na nani bila mimi?"

Gaudensia alikuwa mwanamke mnene wa Kimakonde, rozari shingoni, tumbaku shavuni, anatema mate ya kahawia kwenye kopo. Harithi amelazwa chini kwenye mkeka. Yasmini alipotazama nyayo za mumewe akageukia ukutani akatapika. Zilikuwa zimelika kama tairi kipara. Ngozi haikuwepo, na kwenye kisigino kile cheupe kilichochungulia hakikuwa uchafu.

Gaudensia alifukiza ubani, akaita jini kwa adabu kama inavyotakiwa.

"Hujambo, mgeni."

"Sijambo." Midomo ya Harithi haikusogea. Sauti ilitoka tumboni.

"Safari imeisha. Abiria ashuke."

"Abiria nani?" Tumbo likanguruma, moshi mwembamba ukamtoka Harithi puani. "Mimi dereva."

"Unataka nini? Kitambaa? Marashi? Mbuzi mweusi?"

"Kona," likasema. "Nipe kona."

Gaudensia akatema mate. Akawavuta wanawake pembeni, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ndogo.

"Majini yangu yote ni abiria. Unampa anachotaka, anashuka. Huyu sijawahi kumwona. Mmeshaona dereva anashuka kwa kuombwa? Atamwendesha huyu mpaka abaki mifupa, halafu atamwacha porini kama gari bovu. Jua likizama mguu huu utaondoka tena, na safari hii hafiki popote."

"Basi tunafanyaje?" Yasmini akauliza.

"Dereva hushuka gari likiharibika."

Akautazama mguu wa kulia wa Harithi. Ulikuwa unakanyaga, unaachia, unakanyaga. Mwantumu ndiye aliyeelewa kwanza.

"Mchi uko wapi?" akasema.

"Mama! Hatalima tena!"

"Atalima kwa magoti. Maiti halimi kabisa. Mshike mabega."

Gaudensia akainua kidole. "Sikilizeni. Likishuka halitakuwa na pa kukaa. Litaita. Litaita kwa sauti ya mtoto, ya baba yako aliyekufa, ya yeyote. Asiitike mtu. Hata 'mm' usiseme. Atakayefungua mdomo ndiye kiti. Tukinyamaza mpaka lichoke, litarudi kwenye chuma chake."

Yasmini akamkalia mumewe kifuani, akamshika mabega yaliyoteleza kwa ile oili. Mwantumu akauinua mchi wa mninga, akamtazama mwanawe usoni mara moja tu, akaushusha, na mlio uliotoka haukuwa wa mfupa peke yake bali ni kama bati zima linachanwa, na Harithi akainuka na Yasmini juu yake, mdomo ukafunguka kupita mdomo wa mtu unavyofunguka, yakatoka matapishi meusi, mazito, yanafoka kwa mapigo kama yanasukumwa na pampu, yana vipande vya mpira, yana mchanga wa barabara, yana uso wa mjusi na mabawa ya panzi waliogongwa njiani, yakamjaa Yasmini kifuani na ndani ya nywele na kwenye pembe za midomo aliyoibana kwa nguvu zake zote, moto kama chai, matamu kidogo, na hayo matamu ndiyo yaliyomshinda, akayameza yake mwenyewe yaliyopanda kooni kuliko kufungua mdomo, na yale meusi yakakusanyika sakafuni, yakajivuta pamoja, yakaelekea mlangoni taratibu kama kitu kinachotafuta njia gizani, ijapokuwa ilikuwa adhuhuri.

Kisha likaanza kuita.

"Yasmini," sauti ya marehemu mama yake ikaita kutoka mlangoni. "Mwanangu, hodi."

Yasmini akauma ulimi.

"Bibi, nina kiu," sauti ya mtoto ikamwambia Mwantumu. Mwantumu akatazama ukuta. Ikamwita Gaudensia kwa Kimakonde, kwa jina la utotoni ambalo hakuna aliye hai anayelijua. Gaudensia akaiuma rozari yake. Hakuna aliyejibu. Sauti ikazunguka chumba, ikawapumulia kila mmoja usoni harufu ya dizeli, ikatoka nje uani.

Hapo, kupitia ufa wa mlango, Yasmini akamwona Amri. Wote watatu walikuwa wamemsahau. Hakuna aliyemwambia neno. Alikuwa amelala kwa ubavu juu ya pikipiki yake kivulini, anachezea simu, anatabasamu, huenda ni picha ya mapacha.

Yasmini angeweza kupiga kelele. Neno moja lingetosha: nyamaza. Lakini neno ni neno, na lile jini lilikuwa hatua chache tu kutoka kwake, linasikiliza. Chini yake Harithi alikuwa ameanza kupumua kama mtu, pumzi fupi za maumivu, za kwake mwenyewe. Yasmini aliisikia ile pumzi. Akauweka mkono wake juu ya mdomo wa mumewe, na mwingine juu ya mdomo wake mwenyewe, akabana.

"Kaka," sauti ikasema pale uani, ya kiume, ya heshima. "Twende?"

Na Amri, ambaye kazi yake maisha yake yote ilikuwa kulijibu swali hilo, hakuinua hata macho kutoka kwenye simu.

"Twende, bosi wangu. Kaa vizuri."

Shokapu za nyuma zikalala mpaka chini. Amri akageuka kumtazama abiria wake, na Yasmini akauona uso wake ukibadilika, lakini pikipiki ilishawaka bila ufunguo, ikainuka gurudumu la mbele, ikatoka uani kwa mwendo ambao Wachina walioitengeneza hawakuuota. Waliusikia mlio wake kwenye kona ya kwanza. Kona ya pili. Kisha moshi tu, na ile harufu.

Mwantumu aliuegemeza mchi ukutani. Alikaa chini miguuni pa mwanawe.

"Kijana wa watu yule," akasema.

"Wa watu, ndiyo," Gaudensia akamjibu, akichana kitenge cha kufungia. "Wako huyu hapa. Shika mguu."