Ogada Alivyoifunga Kompyuta ya Nyumbani

Ndugu zangu wa Nyamisangura, nanyi wa Sirari na Nyarero mtakaosimuliwa haya, nawaomba mnisikilize. Yametokea kwa majirani zangu, na mama aliyefikwa nayo ameniambia, "Dada Agustina, waambie watu. Labda mwingine atapona."

Jumapili baada ya ibada, nyumba ya Ogada ilikuwa ya kutamanika. Ogada ni wakala wa forodha mpakani Sirari. Mkewe, Rispa, alikuwa mwalimu wa kwaya ya watoto kanisani kwetu. Chakula kikiwa jikoni, Rispa alikuwa akifungua kompyuta ya sebuleni, na sauti ya mtoto ikajaa nyumba. Ilikuwa sauti ya Beryl, binti yao wa kwanza, aliyefariki kwa selimundu akiwa darasa la nne. Mama yake alikuwa amemrekodi akiimba, akikosea maneno, akicheka na kuanza upya. Simu iliyomrekodi ilishakufa zamani. Sauti ile ilibaki kwenye kompyuta peke yake. Akinyi, mdogo wake, alikuwa mchanga mno kuikumbuka sura ya dada yake. Alimjua kwa kumsikia. Alikuwa akisogeza kigoda chake karibu na spika na kuimba naye.

Lakini Ogada alikuwa na wivu, na wivu hauhitaji sababu kubwa. Jioni moja alirudi kutoka kazini akamkuta mkewe anacheka na mwanamume kwenye kioo cha kompyuta.

"Huyo nani?"

"Ni Obura wa Isebania, mtoto wa baba mdogo. Tunapanga tamasha la kwaya zetu mbili. Si unamjua? Alikuja kwenye msiba wa Beryl."

"Msibani kila mtu alikuja."

Akamwondoa kitini. Akaifunga akaunti ya mkewe, akajifanya yeye msimamizi pekee wa mashine ile, akaweka neno la siri jipya kwa hasira.

"Kuanzia leo kompyuta ina mwenyewe. Ukitaka kitu, utaomba."

"Yawa, Baba Beryl! Hata kumsikia mtoto wangu nikuombe?"

Ogada akaizima kompyuta, akatoka nje.

Jamani, neno lililoandikwa kwa hasira halikai kichwani. Jumapili iliyofuata Rispa alimwomba, kwa unyenyekevu kabisa. Ogada akaketi, akaandika neno, kompyuta ikalikataa. Akaandika jingine, ikakataa. Akajua amesahau. Mwanamume mwenye busara angesema, "Mke wangu, nimesahau, tutafute fundi." Yeye aliizima akasema, "Bado hujajirekebisha. Leo hatufungui."

Ikawa hivyo Jumapili baada ya Jumapili. Akinyi alikuwa akikaa kwenye kigoda chake mbele ya kioo cheusi.

"Mama, Beryl amelala?"

"Amelala, nyathina," Rispa alimjibu, yaani mtoto wangu, kisha akaenda kulilia nyuma ya jiko. Nilimsikia kutoka uani kwangu. Nikamfuata Ogada.

"Shemeji, mfungulie mwenzako."

"Dada, ya nyumba yangu niachie."

Siku moja Rispa alivuka mpaka na Akinyi kwenda kumzika shangazi yake. Ogada akaona amepata nafasi ya kuficha aibu yake. Aliibeba kompyuta akaipeleka mjini kwa fundi mmoja kijana, Waitara.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimefungiwa nje. Nataka nirudi kuwa msimamizi."

"Inawezekana, na vitu vyako vyote vikabaki salama. Ila leo nina kazi za watu. Niachie, uje keshokutwa."

"Keshokutwa mama watoto atakuwa amerudi. Nataka leo."

"Kwa leo ni kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Kuna kitu mle ndani unakihitaji?"

Ogada akafikiria makaratasi ya forodha. Hayo yako ofisini. Hakufikiria kingine.

"Hakuna. Futa."

Rispa aliporudi, aliikuta mezani, inawaka.

"Mama Beryl, nimekusamehe," Ogada akamwambia. "Fungua utakacho."

Rispa alifungua huku na huku. Kila alipofungua palikuwa patupu. Akamgeukia mumewe.

"Mtoto yuko wapi?"

Hapo ndipo Ogada alipokumbuka. Akamweleza mkewe yote: neno alilolisahau, na fundi aliyemwambia futa. Wakakimbilia kwa Waitara kabla usiku haujaingia. Kijana wa watu alihangaika siku nzima iliyofuata, akapata vipande vya picha. Sauti hakuipata.

"Mzee, ungenipa zile siku mbili tu," alisema.

Rispa hakupiga kelele. Alisema, "Umenizikia mtoto mara ya pili, na safari hii hukuniita hata nimuage." Akamchukua Akinyi akaenda kwao Shirati.

Wazee wa pande zote walikaa. Ogada alilia mbele yao, akaomba radhi. Rispa akasema, "Nimemsamehe. Ila nikimwona, namsikia akisema futa." Hajarudi. Kwaya ya watoto imekosa mwalimu, na Ogada siku hizi anatoka Sirari anapita moja kwa moja kilabuni. Wakubwa zake kazini wameshamwonya.

FUNZO

Shemeji zangu na kaka zangu, kuwa na funguo si kuwa na haki ya kuwafungia wenzako. Kilicho cha nyumba nzima, na wenzako wa nyumba wajue kukifungua. Kumbukumbu ya mtu mliyempenda isikae mahali pamoja. Nakilini, muwapelekee ndugu. Na fundi akikuuliza kama kuna kitu cha kuhifadhi, usijibu peke yako. Rudi nyumbani ukaulize.

Tena, acheni kuogopa kusema "nimesahau." Hakuna mke aliyewahi kuondoka kwa neno hilo.