Bunduki Iliyopiga Kushoto

Visa vya namna hii kwa kawaida humpata shangazi wa mtu, au jirani aliyekwisha kuhama. Hiki kilinipata mimi mwenyewe, Orpha, nikiwa na akili zangu timamu.

Jumamosi moja ya Oktoba nilikwenda kwa mdogo wangu Lenna kunywa kahawa, kama kila Jumamosi. Tuliishi bonde moja huku milimani Virginia Magharibi, nyumba yake na yangu zikitenganishwa na kilima na kijito. Nilimkuta jikoni, miwani imemshuka puani, ameitandaza bunduki ya marehemu Baba vipande vipande juu ya taulo.

Niseme ukweli mapema. Baba alipofariki aliniachia mimi nyumba, ghala na eka arobaini. Lenna aliachiwa bunduki ndogo ya kuwindia kindi, kitako kimepasuka, mtutu umeliwa na kutu. Watu walisema mimi ndiye niliyependelewa. Mimi usiku na mchana nilimwonea wivu Lenna, kwa sababu nyumba ile Baba alilala tu ndani yake, lakini bunduki aliishika kila siku ya maisha yake.

"Umebakiza nini cha Baba humo?" nilimuuliza.

Mtutu ulikuwa mpya, mnene, umeletwa kwa posta. Kifyatulio kilikuwa kipya, ukikigusa tu kinaitika. Darubini mpya. Kitako alikichonga mwenyewe kwa mti wa jozi kiangazi kizima, akakipaka mafuta hadi kikang'aa.

"Nimebakiza kasha la chuma la katikati na komeo lake la kusukumia risasi," alisema akicheka. "Ndio moyo wake, Dada. Mengine ni nguo."

"Basi umemvalisha marehemu suti ya harusi."

"Usinichekeshe, nitapoteza skrubu."

Mchana ule tulikwenda kwenye shindano nyuma ya kituo cha zimamoto. Kwetu, Jumamosi zote za vuli, watu hupiga kadi: kadi moja, msalaba mmoja wa kalamu, risasi moja. Aliye karibu zaidi na msalaba huondoka na paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi. Kwa miaka sita nilikuwa nimebeba mapaja mengi kuliko mwanamume yeyote wa bonde lile, na bunduki yangu niliinunua dukani, ya bei, haina mkwaruzo.

Siku hiyo Lenna alilala chini, akavuta pumzi, akapiga. Dorsey, mzee wa zimamoto anayepima kadi, aliinua ile ya Lenna juu watu waione. Msalaba haukuwepo tena, palikuwa na tundu tu.

"Orpha, mama, leo ni maharage matupu!" alipiga kelele.

Watu wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, tena kwa nguvu.

Jumamosi ya pili ikawa hivyo hivyo. Ya tatu pia. Baada ya ile ya tatu nilimwomba Lenna niishike. Alinipa bila kusita, macho yanamng'aa. Nikapitisha kiganja juu ya mtutu taratibu, mwanzo hadi mwisho. "Nzuri mno, mdogo wangu," nilisema. Moyoni nikasema: isipige tena. Ni hayo tu. Sikuongeza neno.

Jumamosi iliyofuata risasi ya Lenna ilikwenda kushoto, vidole vinne kutoka kwenye msalaba. Akakaza skrubu zote. Akabadilisha darubini. Dorsey akaifunga kwenye jiliwa, koleo la chuma la mezani, isitikisike hata chembe, akapiga yeye. Kushoto. Vidole vinne. Wakapiga risasi kumi na mbili, zote zikapita tundu moja, na tundu lilikuwa pale pale kushoto.

Jumapili baada ya ibada Lenna alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa chini.

"Dada, bunduki imerogwa. Nafanya ile dawa."

Dawa hiyo sote bondeni tunaijua. Unachukua ubao, unachora kwa mkaa umbo la mtu aliyeiharibu bunduki. Unapiga umbo hilo kwa risasi uliyoipaka unga wa fedha kwenye ncha. Popote alipo, mtu huyo ataumia, na atakuja kwako kuazima kitu. Usimpe. Akinyimwa mara tatu, jua la siku ya tatu linapozama naye anazama, na bunduki inapona. Ukimpa hata punje, anapona yeye, na mikononi mwako bunduki haitanyooka tena maisha.

"Utamchora nani?" niliuliza.

"Simjui. Nitachora mtu tu, bila uso. Kesho saa nne asubuhi." Akacheka kidogo. "Usije kuazima kitu mpaka Alhamisi, utanichanganya bure."

"Mimi? Mimi nina kila kitu, Lenna."

Jumatatu saa nne nilikuwa nakanda unga. Nikasikia mlio nyuma ya kilima, mdogo, kama mtu amevunja kijiti kikavu. Bega langu la kushoto likachomwa. Nikafungua blauzi, nikatazama. Hapakuwa na damu wala alama. Nikaonja unga, hauna chumvi. Nikaongeza. Hauna. Nikamimina chumvi kiganjani nikailamba, ikawa kama chaki. Nikafungua pakiti mpya. Chaki.

Kisha nikajikuta nimesimama barazani kwa Lenna.

Kilima sikumbuki nilikipandaje. Sketi ilikuwa imelowa hadi magotini. Mikono yangu ilikuwa na unga, na mkono mmoja umeshika kikombe kitupu.

"Niazime chumvi," nilisema.

Lenna alitazama kikombe. Akatazama bega nililokuwa nimelishika.

"Dada," alinong'ona. "Rudi nyumbani."

Akafunga mlango polepole.

Jumanne niliapa siendi. Niliingia garini nikashika njia ya mjini, kinyume kabisa na kwa Lenna. Nilipita kanisa. Nilipita kituo cha mafuta. Niliona vizuri kibao cha mji. Nikasimama, nikazima gari, nikainua macho. Mbele yangu ulikuwa mlango wa Lenna. Kikombe kilikuwa mapajani, na nilikuwa nimekiacha nyumbani kabatini.

"Niazime chumvi."

Hakufungua. Nilimsikia akilia upande wa pili wa mbao.

"Sema si wewe," alisema. "Sema tu, Dada. Nitakuamini."

Nilifungua mdomo niseme. "Niazime chumvi," mdomo ukasema.

Jumatano mkono wa kushoto ulikuwa umekufa. Ulikuwa baridi. Pumzi iliingia nusu, ikatoka nusu. Miguu ilinibeba tena, sikuiuliza. Nilipofika barazani jua lilikuwa limegusa ncha za miti.

Nilijua nikinyimwa sirudi. Na kumdanganya sikuweza tena. Nikaegemeza paji la uso mlangoni.

"Ni mimi, Lenna. Niliishika. Nilikuonea wivu hadi nikaumwa. Niazime chumvi."

Jua likabaki nusu.

Halafu nikasikia kifuniko cha kopo. Mlango ukafunguka upana wa kiganja, mkono wake ukatoka, chumvi ikamiminika kikombeni.

"Chukua."

"Lenna..."

"Chukua uende."

Maumivu yalikatika pale pale. Nililamba kidole, na chumvi ikawa chumvi. Nilirudi nyumbani mzima, na kahawa ya Jumamosi ikaishia hapo.

Wiki moja kabla ya Krismasi Lenna alihamia Ohio kwa mwanawe. Hakuniaga. Asubuhi aliyoondoka nilikuta kitu barazani kwangu, kimeviringishwa blanketi. Ilikuwa ile bunduki. Hakuna barua. Nilipiga simu, haikupokewa. Hadi leo haipokewi.

Nilivumilia siku kumi. Kisha nikaipeleka nyuma ya ghala, nikabandika kadi kwenye uzio. Nilipoiweka begani nilishtuka. Lenna ana mikono mifupi, mimi ndiye mwenye mikono mirefu ya Baba, na kitako kile kilinikaa kama gauni lililoshonwa kwa vipimo vyangu. Nikapiga. Nikaenda kutazama. Msalaba haukuwepo.

Nilipiga tano, zote tundu moja, katikati. Nikaingia jikoni, nikafungua skrubu ili niisafishe, nikautoa mtutu kwenye kitako. Ndani ya mfereji ule unaolaza mtutu, mahali ambapo hapaonekani na mtu bunduki ikishafungwa, palikuwa na maandishi ya kisu, herufi za Lenna, zimeinama kama anavyoandika siku zote: *Kwa Dada Orpha, Krismasi*. Chini yake mwezi wa Juni, alipoanza kuchonga.

Ningependa kusema nililia kwanza. Nililia baadaye. Kwanza kabisa kilichonijia ni kile kile: kwa nini yeye apewe moyo kama ule, na mimi nipewe huu?

Ndipo nilipoliona tundu. Lilikuwa katikati ya jina langu, dogo, la duara, kingo safi, saizi ya risasi. Nikakigeuza kitako, nikakichunguza kwa nje upande huu na huu chini ya taa. Kiling'aa mafuta matupu, hakina mkwaruzo. Mbao pale haizidi unene wa kidole gumba. Nikaingiza njiti ya kiberiti tunduni, ikazama yote. Nikachukua sindano ndefu ya kufumia. Ikaingia, ikaingia, hadi vidole vyangu vikagusa mbao, na haikufika mwisho.

Nilipoichomoa ilikuwa na joto la mwili.