Mwisho Aliopewa Sosthenes

Jioni ile nilitoka kuchuma majani ya maboga nyuma ya nyumba. Ukungu wa kwetu Nyololo ulikuwa umeshashuka. Malori unayasikia barabarani, huyaoni. Dada yangu Esnath tulikuwa tumemzika, na udongo wa kaburi lake ulikuwa bado mbichi.

Nianze na alivyokufa, maana watu wanasema ovyo.

Esnath alikuwa mgonjwa wa moyo. Kila giza lilipoanza kuingia nilimpa kipande cha hadithi ya ukoo wa marehemu mume wangu, ya msichana aliyeibiwa sauti bwawani. Mimi tu ndiye niliyekuwa nayo, mimi na watoto niliowalea. “Dada,” aliniambia, “siendi popote mpaka nijue kama sauti yake ilirudi.” Basi nikawa nairefusha. Nilimwongezea mito ya kuvuka, nikamwongezea mawifi wenye roho mbaya. Ningeirefusha mpaka mahindi yakomae.

Nyumbani kwangu anayeijua hadithi huweka punje ya hindi chini ya ulimi. Haitemi mpaka msimuliaji anyamaze, asije akautoboa mwisho. Hata mtoto wa miaka minne analijua hilo.

Sosthenes, mtoto wa kaka yetu niliyemlea mwenyewe, alirudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Makongolosi na buti zake na mdomo wake. Nikampa punje.

Akaitafuna.

“Jamani mashangazi, bado mko bwawani tu? Sauti hairudi hiyo. Msichana anakufa bubu.” Akacheka.

Esnath akanitazama. “Ni kweli, dada?”

Nikainuka kuinjika uji. Akageukia ukutani. Uji haukuwahi kuchemka, akawa amekata roho.

Moyo, walisema hospitali. Haya, moyo. Siku ya mazishi nilipotupa udongo wangu nilitamka neno moja kaburini. Silirudii hapa.

Sasa hiyo jioni ya maboga. Nimeinama, mkono umejaa majani, nikasikia harufu ya udongo uliochimbwa. Mvua ilikuwa haijanyesha. Halafu sauti... kutoka upande wa kibanda cha Sosthenes. Ya chini, ya taratibu, kama ya mtu anayebembeleza mtoto.

“Palikuwa na mtu akiitwa Sosthenes. Sosthenes akafungua mlango.”

Mlango ukafunguka.

Ilikuwa sauti ya Esnath.

“Akatoka na kikombe. Kikombe kikamponyoka.”

Nikamwona akitoka, kikombe amekishika kwa mikono miwili, amekibana kifuani kama kifaranga. Vidole vyake vikaachia. Kikavunjika.

“Shangazi!” Ameniona. Ananong’ona. “Unamsikia? Tangu asubuhi. Anasema, halafu nafanya. Nikikataa, nafanya.”

“Namsikia.”

“Mwambie anyamaze. Nakuomba.”

“Msimuliaji hakatizwi, Sosthenes. Nilikufundisha.”

“Shangazi, nilikuwa natania tu!”

“Na yeye labda anatania.”

Ukungu ukasogea. Hapakuwa na mtu pale. Nyasi tu, zimelala chini kama zinavyolala mtu akizikalia.

“Sosthenes akapiga magoti.”

Akapiga. Vigae vya kikombe vilimwingia gotini, damu ikatoka, wala hakuvitazama.

“Sosthenes akauliza mwisho wake.”

Alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Nilimwona akijing’ata. Shingo ilimsimama mishipa. Bado maneno yakapita katikati ya vidole, moja moja.

“Mwisho... wangu... ni... upi?”

Kimya.

Hata malori.

Halafu akainamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayenong’onezwa sikioni. Midomo ya anayenong’ona sikuiona. Niliona nywele za sikio lake tu, zikipepea kwa pumzi.

Alinong’onezwa muda mrefu. Mimi nilisimama na maboga yangu. Watu wataniuliza kama nilimhurumia. Sikumhurumia. Nilimwangalia usoni mpaka ikaisha, kwa sababu Esnath hakupata wa kumwangalia hivyo.

Ile harufu ilipokatika, nilimwinua nikamwingiza ndani.

Sasa anaishi kwangu. Machimbo hayataki tena. Mchungaji kamwombea. Wengine wanasema karogwa, wanataja na jina langu wakidhani sisikii. Hospitali wamesema ni mshtuko, atapona. Hazungumzi. Anakula akiwa ameegemea ukuta, asiwe na mtu nyuma yake.

Juzi tu, nikimmenyea viazi, akafungua mdomo.

“Shangazi,” akanong’ona. “Na wewe umo.”

“Nyamaza.”

“Mwishoni kabisa. Ni wewe ndiye—”

Nikamziba mdomo kwa nguvu, kisu bado nimekishika.

“Usiniambie,” nikasema. “Sitaki kuambiwa.”

Akatii. Lakini tangu siku hiyo haniangalii usoni. Ananiangalia mikono.