Eksozi ya Marehemu Kaka

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa pikipiki, na sina moyo wa kumlaumu. Kaka yake alipokufa barabarani, mama yao aliomba jambo moja tu: mlio wa ile pikipiki asiusikie tena maishani. Fundi aliuza mabaki yote kama chuma chakavu, ila eksozi, lile bomba la moshi, akaibakiza. Miaka miwili kabla ya ajali alikuwa akiiomba, na kaka akimjibu, "Subiri nife."

Akaifungua, akatoa sufu ya kioo iliyoungua, ile ya kuzuia kelele, akajaza mpya, akaifunga kwenye pikipiki yake. Sufu mpya huzoeshwa taratibu: unaendesha mpaka bomba lichemke, unazima, unaliacha lipoe kabisa, unarudia. Mara ya tatu mlio ukatulia, mzito na mzuri, hauna hata chembe ya ule wa kaka.

"Hapa bi mkubwa hashtuki," akajisemea, akaenda nyumbani.

Mama alikuwa kitandani. Tangu msiba hakufungua mapazia, chumba kilikuwa giza mchana kweupe.

"Umenunua eksozi, baba?"

"Ndiyo, mama. Inakusumbua?"

"Wala. Ina sauti ya kistaarabu. Ila mwambie kaka yako azime yake, inanipasua kichwa."

Fundi akatega sikio. Nje palikuwa kimya. Bomba lake tu lilikuwa likipoa, tik, tik.

"Mama, kaka ametutoka."

"Nyamaza kwanza." Mama akasikiliza. "Haya, kazima."

Na pale uani, palipokuwa na pikipiki moja tu, rafiki yangu akasikia stendi ikishushwa kwa teke.