Mlio wa Difu Ngeni

Maiti ililala chali chini ya gari dogo la fowili, linaloweza kuvuta kwa magurudumu yote manne, kifua kimebanwa na ekseli ya nyuma. Jeki ilikuwa imelala kando yake. Sakafu ya gereji iliteremka kidogo kuelekea getini ili maji ya mvua yapate njia, na gari lilikuwa limeufuata mteremko huo kwa hatua moja tu. Hatua hiyo ilitosha.

Mtaa mzima ulimwita marehemu, fundi wa gereji hiyo, Masikio. Alikuwa akiketi kando ya dereva, akifumba macho na kutaja chombo kinachougua. Gari likilia ta-ta-ta kwenye kona, alitaja jointi ya mbele. Likigonga ko wakati wa kuondoka, alitaja krosi, kiungo cha ile shafti ndefu inayozungusha magurudumu ya nyuma.

"Kesi imekwisha, afande," koplo akasema. "Mwenye gari ni mkunga. Aliingia kuchukua mkoba, akashusha breki ya mkono. Mdogo wa marehemu ameshuhudia. Nimemweka mama huyo ndani."

Inspekta alichungulia dirishani. "Breki umeigusa?"

"Hapana, afande."

"Imepandishwa mpaka mwisho."

"Labda aliipandisha tena."

"Baada ya kuua? Mstaarabu sana."

Koplo akatazama viatu vyake. Inspekta aliwadharau wezi kwa kiasi. Wavivu wa kufikiri aliwadharau bila kiasi.

Alipiga magoti. Breki ya mkono ya gari lile haikushika magurudumu, ilishika shafti ya nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, kama alivyofanya marehemu, hilo huzunguka hewani na kuliacha la chini huru, na breki hiyo haizuii kitu. Fundi makini huunganisha magurudumu ya mbele yasaidie kushikilia: husogeza kijiti kidogo kilicho kando ya gia mpaka kwenye nne, yaani magurudumu manne, kisha hushuka na kufunga vifungio vilivyo katikati ya magurudumu ya mbele. Vifungio vyote viwili vilikuwa vimefungwa, vikiwa na grisi mbichi ya kiganja cha marehemu. Kijiti kilikuwa kwenye mbili.

Mtu alikuwa amekirudisha.

Kituoni, mkunga aliketi wima kama mgonjwa anayesubiri kuitwa.

"Nililileta linagonga nikiondoka," alisema. "Mdogo wake akakaa nalo. Liliporudi halikugonga tena, ila likaanza kulia. Nikamrudishia mkubwa."

"Mkubwa alisemaje?"

"Alilisikiliza, akanyamaza. Akaniambia, 'Dada, ngoja kwanza nitazame chini.' Nikaenda getini kupokea simu." Akakunja mikono. "Afande, nina mzazi uchungu umemshika, na mimi nimefungiwa huku. Nikihukumiwa kwa hili, nani atanikabidhi tena mtoto wake?"

Inspekta hakuahidi kitu. Alirudi gerejini, akalifanyia gari majaribio, kisha akaliendesha barabarani madirisha yakiwa wazi. Jioni alimwita mdogo mtu, akamketisha mbele ya meza yake.

"Huyu mkunga gari lake analijua?"

Kijana akacheka kwa pua. "Yule? Hajui hata vile vifungio vya mbele ni vya nini. Kijiti cha pili anadhani ni cha kutundikia mkoba. Nimemfundisha mpaka nikachoka. Watu wa namna ile wangepewa punda."

"Basi asingejua kwamba kukirudisha kwenye mbili kungeliachia gari."

Kicheko kikakatika.

"Labda alikigusa kwa bahati mbaya, afande."

"Nimejaribu, mteremko uleule, bila mtu chini. Uzito wa gari ukikiegemea, kijiti hakitoki kwa kuguswa. Nilikivuta kwa mikono miwili. Na kabla sijakishika, juu ya grisi aliyoiacha kaka yako kwenye kijiti tulikuta alama za vidole vyako."

"Mimi ni fundi. Naingia kila gari."

"Uliniandikia maelezo kwamba hili hukulisogelea tangu asubuhi."

Kijana akasogeza kiti chake nyuma.

"Nimeliendesha," Inspekta akaendelea. "Ukikanyaga mafuta, kimya. Ukiachia, linaomboleza. Hayo ni meno yaliyolika ya difu, zile gia za katikati ya ekseli ya nyuma. Gari lilikuja na krosi iliyolegea, likarudi na difu mbovu. Ile nzima iko wapi?"

"Niliiuza," kijana akasema. "Nikafunga kuukuu. Nani angejua? Yule mama?"

"Kaka yako."

"Kaka yangu!" Sauti ikapanda, na chuki yote ikaja nayo. "Maisha yangu yote ananiambia nina mikono, sina masikio. Mbele ya wateja. Safari hii alikuwa anifukuze, na amwambie yule mama kwa nini. Alinituma vigingi vya kuzuia magurudumu."

"Ukavipeleka?"

"Nilikwenda kwenye kijiti."

"Alikusikia?"

Kijana alijifuta mdomo. "Kijiti kilikwama, kikatoa mlio. Akauliza, 'Ni wewe, mdogo wangu?' Nikamwitikia, 'Ni mimi, kaka.' Akasema, 'Haya.' Akaendelea kufungua boliti."

Inspekta alimtazama kama mtu atazamavyo kitu kilichonata kwenye soli.

"Ulimdharau mkunga kwa kutojua," alisema, "na kaka yako ukamuua kwa kujua. Sijui ulitaka duniani abaki nani."

Akamsogezea koplo, aliyekuwa amesimama mlangoni, karatasi na kalamu.

"Mwandike maelezo. Lakini kwanza mfungulie yule mama, mwombe radhi kwa kinywa chako mwenyewe, kisha umpeleke kwa mzazi wake kwa gari la kituo. Kimbia."