Konokono wa Kumlisha Kobe

Akitoka skuli, Mardhiya hakuwa na habari ya chakula wala ya kubadilisha sare. Alikwenda moja kwa moja uani, akaliinamia beseni kuukuu alimokaa kobe wake wa maji. "Haya, bwana mkubwa," alimwambia, "leo utakula unenepe." Kisha alichukua kopo, akamwita mdogo wake Rahma, mtoto wa miaka saba, wakashuka kwenye bwawa la bondeni hapo Wingwi kuokota konokono.

Msidhani yalikuwa mapenzi ya kobe tu. Ilikuwa vita! Laila, jirani yao, aliyesoma naye darasa la sita, naye alifuga kobe, na kobe wa Laila alikuwa mkubwa zaidi. Alimlisha mchicha na dagaa, na skuli nzima ilijua. "Kile cha Mardhiya si kobe, ni kifuu cha nazi," alisema siku moja mbele ya watoto, wakacheka hadi wakashika mbavu. Tangu hapo Mardhiya hakutaka kumwona Laila hata kwa mbali. Aliapa kuwa kabla ya Ramadhani kobe wake atampita wa Laila.

Na kobe alikuwa akiwapenda konokono hasa. Aliwatafuna na magamba yao. Mwanzoni Mardhiya aliingia majini mwenyewe. Alipochoka, akawa anasimama ukingoni na kopo, akimtuma Rahma. Rahma alikuwa mtiifu, akitumwa haulizi.

Siku moja Laila aliwakuta pale.

"Weye Mardhiya! Si tumekatazwa skuli kuingia bwawani? Konokono hao ndio wanaoleta kichocho!"

"Kichocho! Sema una kijicho! Unaona wangu anakua."

"Nitakusema kwa mwalimu."

"Kaseme, mbeya mkubwa we!" Mardhiya akateka tope kwa mkono, akamrushia. Lilimpata Laila kwenye buibui lake la skuli.

Jioni ile mama zao walitukanana juu ya uzio. "Mwanao hana adabu, Mwatima!" alipiga kelele Bi Mgeni, mama yake Laila. "Na wako mdomo wake hauna breki!" akajibu Bi Mwatima. Waliyarudia magomvi ya zamani, ya harusi, ya kuku na ya mpaka wa shamba. Hakuna hata mmoja aliyeuliza watoto walikuwa wakifanya nini bwawani.

Mwezi wa tatu tangu aanze kuokota konokono, Mardhiya alihisi maumivu makali akienda haja ndogo. Alipotazama, mkojo ulikuwa na damu. Alitaka kumwita mama yake, lakini akamfikiria Laila. Atacheka! Atasema, "Si nilimwambia?" Basi Mardhiya akafunga mdomo wake, akawa anakunywa maji mengi na kuomba dua iishe yenyewe.

Haikuisha. Jumatatu Dokta Khatib wa kituo cha afya akaja skuli kupima kichocho, na boksi la vikopo. Mwaka ule walipimwa darasa la tano na la sita peke yao. Kila mwanafunzi alipewa kikopo chenye jina lake, akaambiwa aende chooni alete mkojo. Mardhiya alikizunguka choo, akamvuta Rahma kutoka foleni ya uji ya darasa la kwanza.

"Tia humu."

"Kwani wangu wa nini, dada?"

"Tia, usiulize! Na ukimwambia mama, utaniona."

Rahma akatia. Mardhiya akakipeleka kikopo huku akishusha pumzi. Mtoto mdogo, alijisemea, atakuwa na nini?

Siku ya pili aliitwa ofisini. Dokta Khatib hakutabasamu. Alikuwa mtu mkali, asiyependa maneno mengi. "Mkojo wako una mayai ya kichocho," alisema, "tena mengi. Umekula? Haya, meza hivi." Akamwekea vidonge mkononi na gilasi ya maji mbele yake.

Mardhiya alivitazama vile vidonge. Mkojo ule ulikuwa wa Rahma! Kumbe Rahma naye anaumwa, na hajasema, au amesema na hakusikilizwa. Akivimeza, atapona yeye, na hakuna atakayejua. Rahma hayumo kwenye daftari la mtu yeyote. Dirishani Laila alikuwa amesimama, anachungulia na kucheka, kiganja mdomoni.

"Meza, mtoto! Nina watu wengi."

"Dokta, mkojo ule si wangu," alisema Mardhiya. "Ni wa mdogo wangu. Nilimtuma majini akamate konokono wa kobe wangu. Na mimi pia natoka damu."

Dokta Khatib alisimama kwa hasira. "Unanichezea? Unajua ulichotaka kukifanya?" Laila pale dirishani alisikia kila neno, na kabla ya mapumziko darasa zima lilikuwa linajua. Mardhiya alilia, lakini hakuyarudisha maneno yake.

Bi Mwatima aliitwa, akaja amemshika Rahma mkono. Watoto wote wawili walipimwa upya, wote wakakutwa na kichocho, wakapewa dawa. Laila hakusema pole, wala Bi Mgeni hakuja kuwajulia hali.

"Sikiliza," Dokta Khatib alimwambia Mardhiya, sasa ameketi. "Kichocho kikiachwa kinaharibu kibofu na mafigo. Maji ya bwawa lile msiyaguse tena. Na konokono wa kuokota wanaweza kumtia minyoo hata huyo kobe wako. Mpe mchicha, mpe dagaa waliooshwa, inatosha. Na ukiumwa, sema. Leo umechelewa kusema, lakini umesema, na kwa hilo mdogo wako amepata dawa."

Mardhiya alingoja kofi. Mama yake akamwinamia, macho yamemjaa machozi na ghadhabu.

"Miezi mitatu unataka kobe awe mkubwa," alisema. "Na Rahma je, Mardhiya? Yeye hukutaka awe mkubwa?"