Anayecheza na Namunyak

Gemu ya kupasua puto huchezwa na mtu mmoja, na Mbeke alilijua hilo vizuri, kwa sababu ndiye aliyewavalisha watoto ile miwani ya gemu, inayofunika macho na kuonyesha puto zikielea, katika kliniki yake ya mazoezi ya viungo pale Kitengela. Sasa Namunyak alikuwa akimwambia nani "ngoja, usinipite"?

Msichana alikuwa na miaka sita. Chai moto ilimuunguza nyuma ya goti, kovu likakaza, mguu ukakunjika. Usiponyooshwa mapema ungebaki hivyo maisha yake yote, na kuunyoosha bila miwani ilikuwa vita, kilio mpaka wauza nyanya ng'ambo ya barabara wanageuka. Akiivaa, alizirushia puto mateke na kusahau uchungu.

"Unacheza na nani, mrembo?" Mbeke aliuliza.

"Ledama."

"Haya, mfuate! Ledama, kimbia, anakushika!" Mbeke alichangamka, maskini, akidhani ni rafiki wa shule. Mkamba wa Machakos, angejuaje?

Ruth, mama ya mtoto, alikuwa amekaa kando. Aliruka akasimama. "Daktari, nyamaza! Hilo jina usilitaje."

Ledama alikuwa kifungua mimba wake, aliyezama kwenye silanga la kunyweshea ng'ombe kabla Namunyak hajazaliwa. Na kwa Wamaasai aliyezikwa hatajwi, ukimtaja unamwita. Nyumbani kwa Ruth hakuna aliyewahi kulitamka jina hilo tena, hata kwa bahati mbaya.

"Ni nani alikwambia hilo jina?" Ruth alimnong'oneza mtoto.

"Ni yeye mwenyewe."

"Pengine amesikia kwa majirani," Mbeke alisema, ingawa hata yeye hakujiamini.

"Majirani gani? Tulihama kutoka Kimuka. Hapa hakuna mtu anajua niliwahi kuwa na kijana." Ruth alimtupia jicho baya. "Hii mashine yako uliitoa wapi?"

Mbeke aliizima miwani. Namunyak aliendelea kurusha mateke na kucheka, na chumba kikajaa harufu ya matope mabichi, ilhali nje kulikuwa na kiangazi, vumbi tupu.

"Yeyo, anasema uchungu wangu ameushika yeye," mtoto alimwambia mamake. "Anataka tu umwite. Ukimwita, mguu utanyooka."

"Mama, tumvue hii kitu," Mbeke alinong'ona. "Tumvue sasa hivi."

Aliigusa tu, Namunyak akapiga yowe, goti likajikunja kwa nguvu mpaka kovu likaanza kupasuka na damu kuchuruzika kwenye shuka, na Mbeke alipojaribu kulishika likazidi kukaza, na yowe likazidi, na Ruth, ambaye tangu mazishi alikuwa amelimeza jina la mwanawe kila lilipomjia mdomoni, akaona hawezi kupoteza mtoto wa pili huku anatazama, akainama sikioni mwa msichana na kusema, "Ledama. Ledama wangu, njoo."

Goti likanyooka. Kilio kikakatika.

Mtoto alijivua miwani, akashuka kitandani, akasimama wima kwa miguu yote miwili. Ruth alimkumbatia akilia kwa furaha, kisha akahisi nywele za mtoto zimelowa chepechepe.

"Yeyo," mtoto alisema, "mbona ulikaa miaka yote hiyo bila kuniita?"

Mbeke alikuwa ameshika ile miwani, imezimwa. Ndani yake, kwa mbali, Namunyak alikuwa akimlilia mamake kwamba goti linamuuma.